Kigoda Kando ya Mizani

Siku ya kuniaga nikistaafu, wauguzi wangu, mliniuliza swali moja nikalikwepa. Mlitaka kujua kwa nini kila kituo nilichohamishiwa nilikwenda na kigoda kilekile cha miguu mitatu, nikakiweka kando ya mizani, na kwa nini niliwafokea mliokitumia kuwekea vikombe vya chai. Nilisema nitawaandikia, nikala keki yenu, nikaondoka. Sasa ni wiki ya tatu niko nyumbani, sina wodi ya kukagua wala mtu wa kumfokea, kwa hiyo naandika. Msitegemee kusoma habari za vyeo. Vyeo viko kwenye jalada langu, na jalada lenyewe limeliwa na panya nusu.

Mimi ni mtu wa Pangani. Katikati ya miaka ya sabini, nikiwa nimetoka chuoni na gauni jeupe lisilo na doa, nilipangiwa hospitali moja upande wa Kasulu. Jina lake nitaliacha, maana kosa nitakalolieleza lilikuwa langu, si la majengo. Nilishuka kwenye lori la mizigo asubuhi ya mvua nikitetemeka. Nikisikia Kigoma nilikuwa nawaza ziwa na jua. Hakuna aliyeniambia habari za milima na ukungu. Matroni alinitazama kuanzia viatuni hadi kichwani akasema, "Karibu Buha, kwa Waha, nesi. Sweta utatafuta taratibu." Kisha akanipeleka chumba cha wagonjwa wa nje, akanionyesha mizani, akaniambia hiyo ndiyo kazi yangu.

Ilikuwa mizani ya kusimama, ya chuma, yenye mkono juu na vizito viwili vya kusukuma kwa kidole. Kila kitu kingine pale tulikifanya kwa kubahatisha. Kipimo cha presha kilivuja hewa. Sindano za kioo tulizichemsha kwenye sufuria, na ncha zake tukazinoa kwenye jiwe. Bandeji zilifuliwa mpaka zikaonyesha upande wa pili. Mizani peke yake haikubahatisha: mtu alipanda, kizito kikasukumwa, mkono ukatulia, ukaandika. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikaiamini kuliko nilivyowaamini watu.

Aliyenifundisha kazi hasa hakuwa matroni wala daktari. Alikuwa Mzee Ntibagirwa, dresa, Muha wa hapohapo, aliyeanza kufunga vidonda enzi za Waingereza. Yeye ndiye aliyenifundisha kubandua bandeji iliyogandamana na kidonda kwa maji ya uvuguvugu na subira, na kumwamkia mgonjwa kwa Kiha, "Mwakeye," kabla ya kumgusa panapouma. Lakini alikuwa na tabia moja iliyonichekesha. Pembeni ya meza yake aliweka kigoda kifupi. Kila mgonjwa, hata aliyekuja na kidonda cha kidole, alimkalisha pale, akamwambia akunje mikono kifuani na asimame bila kujishika popote. Halafu akampa vidole vyake viwili avibane kwa nguvu zote. Siku moja nilimwuliza anapima nini.

"Mizani yako inapima mzigo, nesi," alinijibu. "Mbebaji nampima mimi."

Nikacheka. Tuliotoka chuoni tulikuwa wepesi wa kucheka.

Mama Leokadia alikuja mwaka wangu wa pili. Nilimsikia kabla sijamwona, kwa sababu watu wa kwenye foleni walikuwa wanashangilia. Aliingia mlangoni mwanamke mnene, mrefu, wa umri wa miaka hamsini hivi, na mgongoni, amefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga, alikuwa binti mzima wa miaka kumi na tisa. Huyo ndiye Leokadia. Miguu yake ilikuwa imepooza tangu utotoni, myembamba kama mikono. Mama alipiga goti, akamshusha kwenye benchi polepole, akajifuta jasho, akaniamkia.

Walikuwa Warundi, wamevuka mpaka miaka michache nyuma na kuanza kulima Mabamba, upande wa Kibondo. "Wengine walikimbia na magodoro," Leokadia aliniambia siku hiyohiyo, maana alikuwa na mdomo. "Mama alinibeba mimi. Mpaka leo anasema godoro lingemfaa zaidi." Mama yake akampiga kofi la begani, wote wawili wakacheka. Leokadia alisuka vikapu, alijua kusoma, na kila Jumapili mama alimbeba hadi kanisani alikokuwa anaimba sauti ya pili. Aliniambia kwamba siku sita za juma alikuwa mtu wa mkekani, na ya saba alikuwa mtu.

Shida ya mama ilikuwa ngiri ya kitovu. Ilitokeza kama ngumi, na kila alipomnyanyua binti yake ilizidi kutoka. Ingekuja siku utumbo ungenaswa pale na kumwua. Daktari wetu, mtu wa maneno machache, alimkagua akakataa kumpasua. Alisema mafuta ya tumbo ni mengi, dawa ya usingizi ni hatari kwake na mshono hautashika. Apungue kwanza, miezi mitano au sita, ndipo arudi mezani. Nikampandisha kwenye mizani: kilo tisini na sita. Kwao unene ule ulikuwa sifa. Foleni nzima ilimtazama kwa heshima.

"Nesi," akaniambia, "mimi naomba mambo mawili tu. Hiki kirudi ndani, halafu nguvu yangu ibaki. Huyu hana miguu. Miguu yake ni mimi."

Nikamjibu asiwe na wasiwasi. Kwenye kadi yake nikaandika kwa mwandiko mzuri: asile mafuta, apunguze chakula, asibebe kitu. Leokadia akaichukua kadi, akamsomea mama yake kwa Kirundi, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo nesi, mtu akila kidogo anakuwa mwepesi? Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu," nikasema.

Naomba mlikumbuke jibu hilo. Mimi sijaweza kulisahau.

Kwa kuwa Mabamba ni mbali, walihamia kwa dada yake mama, Makere, na wapwa zake vijana wakachukua kazi ya kumbeba Leokadia. Kila mwezi mama alipanda lori kuja kupimwa. Kilo tisini. Themanini na tatu. Sabini na nane. Jamani, nilivyofurahi! Niliwasimamisha wagonjwa wengine wamtazame. Mwezi wa nne nilimpigia makofi pale kwenye mizani, na yeye akatabasamu, mashavu yameingia ndani, akashuka akiwa ameshika ukuta. Niliuona mkono ukishika ukuta. Niliuona, nikaandika kilo.

Mzee Ntibagirwa alimwita kwenye kigoda chake. Alikaa, akakunja mikono kifuani, akajaribu kusimama, akarudi chini. Akajaribu tena. Mara ya tatu akaweka viganja magotini, akajisukuma. Mzee akampa vidole abane, kisha akaja kwangu, akanong'ona ili mgonjwa asisikie, "Nesi, huyu mafuta yanatoka, lakini na nyama zinatoka. Muulize anakula nini na nini."

Mimi nilikuwa na cheti. Nilimjibu kwa sauti, mbele ya watu wote: "Mzee, wewe funga vidonda. Mizani niachie mimi."

"Ego," akasema, ndiyo yao hiyo, akarudi kwenye bandeji zake. Hakusema tena. Wazee wa kule hawakuambii jambo mara mbili.

Mama alifika kilo sabini na mbili, daktari akampasua, ngiri ikarudi ndani na mshono ukashika vizuri sana. Siku ya kumruhusu nilichukua kalamu nyekundu nikaandika kwenye kadi, "Hongera." Niliiandika kwake na niliiandika kwangu.

Mwaka uliofuata nikahamishiwa Kibondo. Lori lilikwama Makere kwenye tope, tukalisukuma kutwa nzima, na gauni jeupe likapata doa lake la kwanza lisilotoka. Kibondo walinipa huduma za mkoba: Landrova moja, dereva mmoja, sanduku la chanjo, vijiji vingi. Mabamba tulikwenda mara moja kwa mwezi. Safari ya kwanza, kabla hata sijafungua sanduku, niliulizia kwa Mama Leokadia. Nilitaka kutazama kazi yangu.

Nilimkuta Leokadia mkekani uani, mkono mmoja umefungwa kwa kitambaa shingoni. Mama yake alitoka ndani, nami nusura nimwulize mama mwenye nyumba yuko wapi. Ngozi ya mikono ilikuwa inaning'inia. Aliniambia kwamba waliporudi kutoka Makere, Jumapili ya kwanza alimpandisha binti yake mgongoni kama siku zote, akafika naye mpaka kijitoni, magoti yakakataa. Wakaanguka wote wawili, na Leokadia akavunjika mfupa wa bega. Tangu hapo hakuwa amekwenda kanisani. Majirani walimbeba mara mbili, kisha kila mmoja akawa na shamba lake.

"Ulikuwa unakula nini Makere?" nilimwuliza. Swali la Mzee Ntibagirwa, mwaka mzima baadaye.

"Ugali wa muhogo. Na mboga za majani, nimechemsha na chumvi."

"Maharage?"

"Oya, hapana. Maharage tunapika na mawese. Wewe ulisema mafuta hapana. Dagaa ni na mawese. Sombe, kisamvu chenu, ni na mawese. Nikaacha vyote."

"Mama, si ungepika maharage bila mawese?"

Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mgeni aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. "Mwana wanje, mwanangu, maharage bila mawese wanakula wafungwa. Majani sawa, majani hata mbuzi anakula bila mafuta. Lakini maharage?"

Mimi kwetu tunapikia nazi. Nilikaa Kasulu miaka miwili nikila maharage yao mekundu kwa mawese karibu kila siku, nikajilamba vidole, na hata siku moja haikunijia kwamba ukimkataza Muha au Mrundi mawese umemfunikia chungu kizima. Nilimwachia muhogo mtupu, nikamkataza kubeba kitu, nikamkalisha miezi mitano. Mafuta yalitoka, ni kweli. Na nyama zilizomvusha mpakani na binti mgongoni zikatoka pamoja nayo, na mimi nikazipigia makofi moja moja, kwa kilo.

Nilimwandikia Mzee Ntibagirwa barua ya kurasa mbili, ya kuomba radhi na ya kuomba msaada. Jibu lilikuja kwa mdomo wa dereva wa lori: "Mzee anasema aanze na kigoda. Ale maharage. Usimharakishe." Hakuna neno jingine. Laiti angenitukana.

Fundi wa Mabamba akachonga kigoda. Nikamwekea mama utaratibu: asimame na kukaa mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, mikono kifuani, abebe ndoo nusu, kisha ndoo nzima, kisha debe. Maharage kila siku, mawese kijiko kimoja, dagaa wakipatikana, yai kuku akitaga. Hakuwa mvivu. Mwezi wa kwanza alisimama kwa kujisukuma. Mwezi wa pili alisimama bila mikono mara tatu. Mwezi wa tatu alinyanyua debe la maji mbele yangu, mishipa ya shingo imemtoka, akalishusha bila kulimwaga. Lakini mwili wa miaka hamsini ukibomoka haujengeki kwa mavuno mamoja, na baina ya debe la maji na binti mzima kulikuwa na safari ndefu.

Siku hiyo ya debe Leokadia aliniita pembeni. "Nesi, mimi nina kilo ngapi?"

Nikamkadiria kwa macho. "Arobaini hivi."

"Na debe?"

"Likijaa, ishirini na kidogo."

"Kwa hiyo mama sasa hivi anaweza ishirini na kidogo."

"Sasa hivi. Subiri, ataongeza."

Akarudi kwenye kikapu chake. Sikuona kitu. Nililipwa kwa ajili ya kuona, na sikuona.

Halafu Landrova ikaharibika. Spea hazikuja, na zilipokuja petroli haikuwapo. Miezi minne hatukufika Mabamba. Tulipofika, nilisikia vigelegele kabla gari halijasimama. Mama Leokadia alikuwa anatoka uani kwake anakimbia, kweli anakimbia, na Leokadia yuko mgongoni kwenye kitenge.

"Nesi! Tazama! Nguvu imerudi! Imana, Mungu wetu, ni mkubwa!" Akazunguka ua mzima, akapiga goti, akasimama, akapiga goti, akasimama. Majirani walimshangilia. Nami nilishangilia, nikalia, nikamkumbuka mzee wangu wa Kasulu na kigoda chake.

Ndipo nikauona mkono uliozunguka shingo ya mama, kifundo chake mifupa mitupu. Joto lilikuwa kali, lakini Leokadia alikuwa amevaa sweta, amejifunika na kitenge cha pili. Uso wake ulitokeza juu ya bega la mama yake, na alipoona namtazama akaweka kidole mdomoni.

Nikasema nimpokee nimkalishe mkekani. Mimi ni mtu ninayeguna nikinyanyua ndoo. Alikuja mikononi mwangu kama furushi la nguo.

Mama alikwenda jikoni kunipikia. Nikamwuliza Leokadia, "Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya debe."

"Unafanya nini na chakula?"

"Mama ananipakulia, nakula kidogo, maharage namrudishia. Namwambia nesi alisema wewe ule sana." Akatabasamu. Meno yalikuwa makubwa usoni. "Ulisema ni hivyo tu, nesi. Mama alipungua ili akatwe. Mimi nimepungua ili anibebe. Dawa si ni ileile?"

"Utakufa, Leokadia."

"Nimeimba Jumapili saba," akasema. "Usimwambie. Akijua hatanibeba tena."

Nilimlisha mwenyewe siku hiyo, nimekaa mbele yake mpaka sahani ikaisha. Nilimwachia maziwa ya unga yote tuliyokuwa nayo. Nilimtisha, nilimbembeleza, nilimwapisha. Nilimwomba mke wa katekista wa kanisa lao amtazame akila. Lakini mama sikumwambia. Alikuwa jikoni anaimba, na niliposimama mlangoni na maneno yamefika mdomoni, aligeuka na mwiko mkononi akaniambia hajawahi kuwa na furaha hivi tangu wavuke mpaka. Nikasema moyoni nitamwambia mwezi ujao. Hapo ndipo nilipomwua, si siku ya kadi. Siku ya kadi nilikuwa mjinga tu.

Mvua zilikuja mapema. Leokadia alishikwa na kichomi, na mwili wake haukuwa na akiba yoyote ya kupigana nacho. Alikufa siku ya nne. Sisi tulifika wiki moja baadaye, na chanjo zetu na mizani ya kuning'inizia watoto.

Tangu hapo, watoto wangu wa kazi, sijamwandikia mtu yeyote "apunguze chakula" peke yake. Niliuliza chungu kinapikwaje kabla ya kukataza kitu ndani yake. Nilimwambia anayepungua abebe, alime, asimame na kukaa, ale maharage na samaki, na nilimpima mbebaji pamoja na mzigo. Mlidhani ni uzee. Mmoja wenu aliniambia siku hizi kuna vifaa. Sawa. Sidhani kama yote hayo yamemlipa mtu yeyote chochote, na sitawadanganya kwamba yamenipa usingizi.

Siku ile tuliyofika baada ya msiba, Mama Leokadia alinipokea uani. Hakulia. Alinikalisha, akanipa maji, akaniambia jinsi wanaume walivyokuja na machela na yeye akakataa.

"Nilimbeba mwenyewe mpaka kaburini, nesi. Sikupumzika njiani hata mara moja. Hakuwa mzito, hata kidogo hakuwa mzito. Nguvu yangu ilirudi kwa wakati." Akanishika mkono, akaubana, na kweli alikuwa na nguvu. "Ni wewe uliyenirudishia. Imana akulipe."

Kisha akaingia ndani, akatoka na kigoda amekifuta vumbi. Akasema yeye hana tena mtu wa kumbeba, nikampe mwingine.

Nilikipokea kwa mikono miwili, nikasema asante. Ndicho hicho mnachowekea chai.